Ghala limejaa, mtoto kadumaa

Asubuhi ya kipupwe huko Njombe ni kali. Ukungu hulala bondeni mpaka saa tatu, na kina mama wanaopanda kilima kuelekea zahanati hujitanda vitenge juu ya masweta, watoto wamefungwa mgongoni mpaka unaona kofia ya sufu tu. Ilikuwa siku ya mizani. Mzani wenyewe umening'inizwa kwenye boriti ya baraza, na chini yake kuna kisuruali cha turubai ambacho kila mtoto huvalishwa huku akilia. Anabembea kidogo, nesi anasoma mshale, anataja kilo, mwenzake anaandika kwenye kadi. Mama anamvua mwanawe na kumfunga tena mgongoni. Kazi inakwenda mbio kwa sababu kila mtu ana haraka. Ni msimu wa kuvuna mahindi.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi pembeni, na kilichonishika hakikuwa mzani bali ubao wa kupimia kimo. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye kadi yake ilionyesha ametimiza miaka miwili siku chache zilizopita, alisimamishwa visigino vikigusa ubao, kichwa kikanyooshwa. Sentimita 79. Mtoto wa kiume wa umri huo aliyekua sawasawa hukaribia 87. Huyu mashavu yalikuwa yamejaa na macho maangavu. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amekonda. Ungekutana naye njiani ungedhani ni mtoto mwenye afya njema wa mwaka mmoja na miezi mitatu.

"Mama, kilo si mbaya," nesi alimwambia kwa upole, "ila kimo hakijapanda."

Mama akaitikia kwa kichwa. Nilipomuuliza habari za shamba, uso ukachangamka. Alikuwa na mahindi, viazi mviringo na miche ya parachichi iliyoanza kuzaa. Magunia ya mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa bado hayajaisha darini.

Swali nililoondoka nalo pale ndilo lililonifanya niandike makala haya. Je, mtoto yule ni maskini?

Kwa vipimo vyetu vya kawaida, jibu ni hapana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipofanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, ilichora mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi katika Sh49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata Sh1,644 za kula, kuvaa, kulala, kutibiwa na kusomesha. Asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikutwa chini ya mstari huo. Ukishuka mkoa kwa mkoa, pengo linatisha. Rukwa ilikuwa na asilimia 45, Simiyu 39 na Lindi 38. Upande wa pili, Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 8 na Kilimanjaro karibu 11. Njombe, mkoa wa yule mtoto wa kwenye ubao, ipo katika kundi la mikoa yenye umaskini mdogo wa kipato.

Sasa chukua utafiti mwingine, ule wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, ambao hauulizi baba anatumia shilingi ngapi, unampima mtoto mwenyewe. Kitaifa, asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa unaoongoza ni Iringa, asilimia 57. Inayofuata ni Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto wamedumaa.

Weka majina mawili pamoja, Njombe na Rukwa. Kwenye orodha ya kipato mikoa hii iko mbalimbali kabisa, huu ukiwa karibu na juu na ule mkiani. Kwenye ubao wa kupimia kimo, watoto wao wanalingana. Ukitumia orodha ya kwanza kupanga wapi msaada wa mtoto uende, Njombe hutaiona. Na sisi kwa miaka mingi tumekuwa tukiitumia orodha ya kwanza.

Tena tusidhani kwamba ni jambo linalojirekebisha lenyewe kadiri uchumi unavyokua. Katika utafiti kama huo wa mwaka 2015/16, udumavu kitaifa ulikuwa asilimia 34 na Iringa ilikuwa karibu 42. Miaka saba baadaye taifa limeshuka hadi 30, na Iringa imepanda hadi 57. Katika miaka hiyohiyo barabara zimejengwa, umeme umefika vijijini, na bei ya parachichi imewapa watu wa nyanda za juu matumaini ambayo hawakuwa nayo. Watoto wa Iringa hawakurefuka na uchumi huo.

Ili kuelewa inakuwaje, inabidi tuingie jikoni, maana takwimu za kipato huishia mlangoni. Mdadisi anapofika kwenye kaya anaandika kilichonunuliwa, kilichovunwa, kilichopikwa. Kisha anajumlisha na kugawa kwa idadi ya watu, huku mtoto mdogo akihesabiwa kuwa ni chini ya nusu ya mtu mzima, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Hesabu hiyo ina mantiki yake, lakini ndani yake kuna dhana moja kubwa kwamba kilichoingia ndani ya nyumba kimegawanywa kwa haki. Kila aliyelelewa katika nyumba ya Kitanzania anajua sahani ya baba ilivyo na mnofu ulivyopangwa, na anajua mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anayekula polepole, huachwa nyuma na kaka zake wanaochota tonge tatu kabla yeye hajameza moja.

Kule Njombe na Iringa mtoto anashiba. Hilo nataka lieleweke vizuri, kwa sababu kina mama wa huko wamechoka kusikia wanalaumiwa kana kwamba wanawanyima watoto wao chakula. Mtoto anashiba ugali wa sembe asubuhi na ugali wa sembe jioni, kwa mboga za majani au maharage. Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa, na katika kukoboa, sehemu kubwa ya virutubisho huondoka na pumba. Pumba zinapelekwa kwa nguruwe. Nguruwe anauzwa. Mayai yanakusanywa kwenye kikapu na kupelekwa gulioni ili mama arudi na sabuni, chumvi na mafuta ya taa au vocha. Parachichi, tunda ambalo ukiliponda na kulichanganya kwenye uji wa mtoto umemsaidia sana, linachumwa, linapangwa kwenye kreti na kupanda gari. Nyumba inaendelea, bati jipya linapigwa, na yule mdogo kuliko wote, ambaye mwili wake unahitaji maziwa, yai na dagaa kuliko mwili wa mtu yeyote mwingine pale ndani, anabaki na ugali.

Halafu kuna suala la muda, ambalo kwangu ni zito kuliko suala la chakula chenyewe. Kilimo kinacholisha nchi kinalimwa na mikono ya mwanamke. Anaondoka alfajiri, anarudi jua limeelekea magharibi. Mtoto wa miezi minane anaachwa na dada yake wa miaka saba, ambaye naye ni mtoto, na ambaye atampa kiporo cha asubuhi saa sita na kingine saa tisa. Mtoto wa umri huo anapaswa kula mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, chakula laini kilichochanganywa. Nani atampikia? Wataalamu wa lishe wanahubiri siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotunga hadi mtoto atimize miaka miwili, kwa sababu ubongo unajengwa katika kipindi hicho na kilichokosekana hapo ni vigumu sana kukirudisha. Kwa mkulima wa nyanda za juu, siku 1,000 hizo zina ndani yake misimu miwili mizima ya kulima, kupalilia na kuvuna, na mama hana wa kumpokea jembe.

Ongeza na UKIMWI. Njombe ina kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa mujibu wa utafiti wa 2022/23, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Nyuma ya asilimia hiyo kuna bibi wanaolea wajukuu, na wanawalea kwa nguvu zilizobaki baada ya kuzika.

Rukwa ni hadithi nyingine, ingawa inaishia kwenye ubao uleule. Ufipa, uwanda mkubwa wa mkoa huo, ni nchi ya mahindi, na wakati wa mavuno ukipita barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga utaona malori yamejipanga. Lakini utajiri wa mahindi ni wa yule mwenye subira ya kuyatunza, na subira ina gharama. Mwenye deni la mbolea na karo ya mtoto aliyeko bweni anauza palepale shambani, wiki ya kwanza ya mavuno, bei ikiwa chini kuliko wakati wowote. Mlanguzi anakuja na magunia yake, anajaza lumbesa, gunia limevimba mpaka juu likashonewa kamba, na kulilipia kama gunia moja. Miezi sita baadaye mkulima huyohuyo ananunua unga. Fedha inaingia mara moja kwa mwaka, inalipa madeni, na miezi ya Januari na Februari ndiyo inayomkuta mtoto. Wazazi wa Ufipa hawahitaji kuelimishwa sana juu ya lishe kama wanavyohitaji ghala salama la kijiji, mizani ya haki na barabara za kutoka bondeni hadi lami. Lami yenyewe, ile kati ya Tunduma na Sumbawanga, ilifika miongo mitano baada ya Uhuru. Kizazi kizima kilizaliwa, kikakua na kuzaa kabla gari halijaweza kutoka mkoani bila kuzama kwenye tope.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, una sababu yake ya tatu. Sensa ya mwaka huo ilikuta kaya ya Simiyu ina wastani wa karibu watu saba. Lindi na Mtwara zilikuwa na chini ya wanne. Pamba ikiuzwa vizuri, fedha inageuka ng'ombe, na ng'ombe ni benki ya Msukuma, haifunguliwi ovyo. Ndiyo maana unaweza kukuta boma lenye mifugo mingi ambamo watoto wengi wanagawana daftari na hawana viatu. Mtoto wa kiume anachunga wakati wenzake wanasoma. Simwiti baba yake mchoyo, kwani ukame unapokuja ng'ombe huyohuyo ndiye anayewaokoa wote. Lakini utajiri wa boma na hali ya mtoto wa boma ni vitu viwili, na kipimo kimoja hakiwezi kuvibeba vyote.

Nilipenda sana, mwaka 2016, pale Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF walipotoa ripoti iliyojaribu kufanya hivyo, kumhesabu mtoto mwenyewe badala ya kaya yake. Waliangalia kama mtoto anapata lishe, maji safi, choo, elimu, afya, ulinzi na makazi, wakasema anayekosa matatu au zaidi ni maskini. Watoto 29 kati ya 100 Tanzania Bara walikuwa kwenye kaya zilizo chini ya mstari wa fedha. Kwa kipimo cha mahitaji yao wenyewe walikuwa 74. Fikiria maana yake. Si chini ya watoto 45 katika kila 100 wanaishi kwenye nyumba ambazo kifedha tunaziita si maskini, na bado wanakosa mambo matatu ya msingi. Mtoto wa Njombe niliyemwona yumo humo.

Na Dar es Salaam? Asilimia 8 inasikika vizuri, lakini asilimia ni kitu cha kuangalia kwa makini. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa huo. Asilimia 8 yao ni zaidi ya watu laki nne. Rukwa yote ilikuwa na watu 1,540,519, na asilimia 45 yao ni karibu laki saba. Mkoa unaoitwa tajiri kuliko yote una lundo la maskini linalozidi nusu ya lile la mkoa unaoitwa maskini kuliko yote, ila la Dar limetawanyika Mbagala, Tandale, Vingunguti na Manzese, nyuma ya maghorofa, na hakuna anayelipigia hesabu.

Umaskini wa mtoto wa mjini nao una sura yake. Kijijini unaweza kukosa fedha ukachuma mchicha. Mjini kila kitu kina bei, na maskini ananunua kwa bei ya juu kuliko tajiri kwa kuwa ananunua kidogo kidogo. Mafuta ya kupikia kwa kipimo, mkaa kwa kopo, unga kwa robo, maji kwa dumu. Mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchoma maandazi anamwachia mtoto shilingi mia mbili za chai, na mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kuchagua kati ya kashata na karatasi ya mtihani wa majaribio. Mvua ikinyesha Bonde la Msimbazi, choo na kisima vinakuwa kitu kimoja. Ukiwauliza kina mama kama huyo iwapo wangerudi kijijini kwao, wengi wanatikisa kichwa. Mjini walau kuna zahanati ya karibu na kila siku kuna senti mbili tatu.

Lakini yupo mtoto mmoja wa Dar ambaye simwoni kwenye jedwali lolote, na ndiye anayeninyima usingizi. Anashuka kituo cha mabasi cha Mbezi Luis jioni, amevaa kandambili na amebeba kibegi au mfuko wa salfeti, basi limetoka Iringa, Singida au Dodoma. Anapokelewa na mtu ambaye hajawahi kumwona. Kesho yake anaitwa dada, na watoto wenye umri karibu sawa na wake wanamwamkia. Ana miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomwathiri kiafya wala kumzuia kusoma. Huyu anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anamkorogea mtoto wa mwajiri wake uji wa lishe wenye karanga na maziwa, uji ambao mdogo wake aliyebaki kijijini hajawahi kuuonja.

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, makarani wa sensa walimhesabu pale alipolala, Dar es Salaam. Nyumba aliyolala si maskini, ina friji na kiyoyozi, kwa hiyo kitakwimu naye si maskini. Iringa wamepungukiwa na mtoto mmoja fukara, Dar wameongezewa mmoja mwenye hali nzuri. Utafiti wa ajira ya watoto wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 28.8 ya watoto wa miaka 5 hadi 17 wakiwa kwenye utumikishwaji, sawa na watoto milioni 4.2. Wengi wao wako mashambani na machungani. Huyu wa jikoni amefichwa na ukuta wa geti.

Tofauti hizi hazikuletwa na mvua wala udongo peke yake. Wakoloni walitugawa katika mikoa ya kulima mazao ya biashara na mikoa ya kutoa nguvukazi. Wachaga walikuwa na kahawa, shule za misheni na, tangu mwaka 1933, chama chao cha ushirika cha KNCU. Wabena, Wafipa na Waha walikuwa na malori ya kuwabeba vijana kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, manamba, na tangu 1944 kazi hiyo ya kukusanya watu ilikuwa na ofisi yake rasmi, SILABU. Baba alipokuwa Tanga, nani alibaki analima Njombe? Mama. Ukiniambia mzigo wa mwanamke wa nyanda za juu ni mila, nitakukumbusha kwamba mila nyingine zina tarehe.

Baada ya Uhuru tulijaribu kwa dhati kuziba pengo. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipelekwa kila kijiji mwaka 1977, na nafasi za sekondari zikagawanywa kwa kuangalia mikoa. Wapo waliolalamika, hasa waliotoka mikoa yenye shule nyingi, lakini viongozi wa wakati ule walielewa jambo ambalo leo tunalisahau. Ukiwapa walio mbali na walio karibu kiasi kilekile, umbali unabaki palepale.

Angalia tunavyogawa leo. Tangu Januari 2016 shule za umma, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, hazitozi ada, na serikali inatoa ruzuku ya Sh10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi. Ni hatua ninayoiheshimu, imejaza madarasa. Lakini elfu kumi ya mtoto wa shule ya katikati ya jiji, ambaye wazazi wake wanachangia chakula, mlinzi na walimu wa ziada, ni elfu kumi ileile ya mtoto wa kijiji cha bonde la Ziwa Rukwa, ambaye mzazi wake hana cha kuchanga. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, kila halmashauri ikaagizwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo akawa na fungu lenye jina lake, na aliyebuni wazo hilo alifanya jambo jema. Tatizo ni kwamba elfu moja hiyo inatoka kwenye mapato ya ndani. Halmashauri yenye viwanda na hoteli inaitoa bila kuhisi. Halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao inaisubiri mpaka msimu wa mavuno, na mtoto hasubiri.

Mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, unafanya vizuri zaidi, kwa kuwa unaitafuta kaya kwa jina, unampa mlengwa ruzuku kila baada ya miezi miwili na kumtaka apeleke watoto kliniki na shuleni. Umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Nimewaona kina mama wakipokea fedha hizo na kwenda moja kwa moja kununua sare. Lakini kwa mtoto wa Njombe wa sentimita 79 mpango huo haupigi hodi, kwa sababu nyumba yao ina bati na mahindi darini, na wanakijiji, kwa haki kabisa, hawakuitaja kuwa kaya maskini.

Kwa Visiwani, pengo liko kati ya Unguja yenye watalii na Pemba, na ndani ya Pemba, Micheweni ndiyo inayotajwa kila mara kuwa nyuma. Lakini huko kuna jambo ambalo Bara tungelitazama. Tangu mwaka 2016 serikali ya Zanzibar inamlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya jamii, bila kuuliza alikuwa na kazi gani. Ilianza na Sh20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Kiasi kidogo, lakini ni fedha ya uhakika katika mkono wa bibi, na katika nyumba zetu mkono wa bibi na mdomo wa mjukuu viko karibu sana.

Kama ningepewa nafasi ya kusema neno moja mbele ya wanaopanga bajeti, ningewaomba wafungue orodha mbili mezani kwa wakati mmoja, ya kipato na ya watoto wenyewe, na pale zinapopingana waifuate ya watoto. Rukwa ipewe fedha, barabara na ghala. Simiyu ipewe madarasa na walimu wa kumfuata mtoto anayechunga. Dar ipewe maji, vyoo na ukaguzi wa nyumba zinazoajiri watoto. Na Njombe na Iringa zipewe kitu ambacho fedha ya parachichi haikununua, mtu wa kukaa na mtoto mchana. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa mwishoni mwa 2021 inataja vituo vya kulelea watoto vinavyoendeshwa na jamii. Kituo kimoja kila kitongoji, chungu kimoja cha uji wa dona uliotiwa karanga na maziwa, na mama wawili wanaolipwa na kijiji katika msimu wa shamba. Mahindi yapo. Karanga zipo. Maparachichi yanayokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya baka kwenye ganda yanaoza chini ya mti.

Siku ile, nesi alipomaliza kuandika, alizungushia tarehe ya kurudi kwenye kona ya kadi na kumkabidhi mama. Wale waliopimwa walianza kuteremka kilima kwa makundi, wakizungumza Kibena, wakicheka. Barabarani fuso lilikuwa linapakia viazi, vijana wawili juu, wawili chini, gunia moja likipandishwa kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Mama wa yule mtoto aliwasalimu, akawauliza bei ya leo, wakamjibu, akaguna. Kisha akakaza mbeleko na kuongeza mwendo kuelekea shambani. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na mtoto alikuwa amelala.